Mwindaji wa Chini ya Jiwe

Leo nakuomba tushuke mtoni. Simaanishi Rufiji wala Tana. Namaanisha kijito cha mlimani, kile unachokivuka kwa hatua nne tano, maji yake ya baridi hata jua likiwa la utosi, mawe yake yana utelezi, na mlio wake unausikia kabla hujakiona. Vijito vya namna hiyo vinashuka Usambara, Uluguru, Aberdare, Elgon na Rwenzori, na ndivyo vinavyoijaza mito mikubwa tunayoichora kwenye ramani.

Ingia mpaka magotini, mahali maji yanapokwenda kasi. Toa jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu, liweke kwenye beseni jeupe lenye maji kidogo, lipanguse taratibu kwa vidole. Ngoja tope litulie. Ndipo utaona vitu vinaanza kutembea: wadudu bapa wenye mikia mitatu wanaokimbilia kivulini, mabuu waliojijengea vijumba vya chembe za mchanga, minyoo midogo myekundu inayojikunja na kujikunjua. Na kama kijito hicho bado ni kizima, huenda ukamwona mwingine, mnene kidogo, rangi ya kahawia au ya majani makavu, urefu wake sentimita moja na nusu hivi. Haendi mbio. Anajivuta, anasimama, anachomoa kichwa chembamba, anakirudisha ndani ya mwili, anajivuta tena. Mgeuze kwa ujiti. Tumboni ana viguu laini vya jozi jozi, kila kimoja kina vikulabu nchani. Mwishoni ana mikia miwili yenye manyoya pembeni. Huyo ni buu wa nzi, wa jamii ambayo wataalamu wanaiita Athericidae, na anaishi kwa kuua.

Nasema nzi, na najua neno hilo linavyopokewa. Nzi kwetu ni choo, ni kipindupindu, ni mbung'o anayemaliza ng'ombe. Buu naye ni nyama iliyooza. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba kuna buu wa nzi ambaye kuwapo kwake ni habari njema kwa kijiji kizima, anaona anachezewa akili. Mimi nasema ni habari njema, na nitakueleza kwa nini. Lakini kwanza tumfuate maisha yake yote, maana hoja yangu yote imo katika maisha hayo.

Tuanze na mama. Katika jamii hii, nzi aliyesomwa kwa muda mrefu zaidi ni Atherix ibis wa mito ya Ulaya, pamoja na ndugu zake wa Amerika ya Kaskazini. Jike akishapandwa haendi kutaga majini. Anatafuta tawi lililoinamia mto, au tumbo la daraja, mahali ambapo chini yake ni maji na si kitu kingine. Hapo anataga mayai yake yote kwa mkupuo mmoja, yameshikamana kwa ute. Akimaliza haondoki. Anabaki juu ya mayai yake na kufia palepale. Jike wa pili akipita anavutwa na yule wa kwanza; anatua juu yake, anataga, anakufa. Anakuja wa tatu, wa kumi, wa mia. Siku zikipita, kwenye tawi lile kunakuwa na bonge la nzi waliokufa na mayai katikati yao, bonge la ukubwa wa ngumi au kupita, ndani yake nzi maelfu kwa maelfu.

Mtu asiyejua akiliona atadhani ni ugonjwa wa mti. Wenyeji wa Mto Pit, huko kaskazini mwa California, walijua ni nini. Kwao lilikuwa ni chakula. Mwaka 1912 mtaalamu wa nzi wa Marekani, J. M. Aldrich, alichapisha maelezo ya namna watu wale walivyokuwa wakiwavuna Atherix: wanatega magogo kukata mto, wanatikisa matawi yaliyo juu ya maji, nzi wanaanguka na kuelea mpaka kwenye magogo, wanazolewa kwa wingi na kuokwa ndani ya shimo lenye mawe ya moto. Asiyeona haja ya kushangaa ni mtu wa Ziwa Nyasa. Kule kuna kungu, wale nzi wadogo wanaoinuka kutoka ziwani kwa mawingu mithili ya moshi wa msitu unaoungua, na watu wa kandokando ya ziwa wamewakamata na kuwafanya mikate tangu zamani; David Livingstone aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1865. Kungu naye, utotoni mwake, ni mwindaji wa majini. Ni wa jenasi ya Chaoborus, mwili wake unapitisha mwanga hata viungo vya ndani unaviona, mchana anajificha kilindini na usiku anapanda juu kuwinda viumbe wadogo kuliko punje ya mtama. Ila yeye ni wa maji yaliyotulia. Sisi tumekuja kwa ajili ya maji yanayokimbia.

Si kila spishi ya Athericidae inakusanyika kwa mabonge namna ile. Katika Afrika jenasi inayotajwa zaidi ni Suragina, na mambo yake hayajasomwa kwa kina kama ya wale wa Ulaya. Lakini kanuni ya jamii hii ni moja: mayai yanawekwa juu ya maji, si ndani yake. Na ukifikiri, utaona kwamba hiyo ni busara kubwa. Yai likiwekwa kwenye mkondo mkali litachukuliwa na maji, litafukiwa na mchanga, litaliwa na samaki. Likiwa juu ya tawi liko salama na hayo yote. Siku ya kuanguliwa, mabuu wadogo, wembamba kama uzi, wanapenya katikati ya miili ya mama zao na kujidondosha. Kama mama alichagua vizuri, wanadondokea majini. Kama tawi lile limeinamia nchi kavu, wamekwisha. Kwa hiyo haitoshi kuwa kuna mti karibu na mto. Unatakiwa mti ambao mto unapita chini ya matawi yake.

Buu akishaingia majini, kazi ya kwanza ni kutochukuliwa. Hapo ndipo vile vikulabu vya viguu vyake vinapofanya kazi. Anashika kuvu, anashika mizizi, anashika ukwaru wa jiwe, na kidogo kidogo anajisogeza kwenye nafasi za chini, kati ya jiwe na jiwe, ambako maji yanapita lakini hayasukumi kwa nguvu. Mwenye macho ya kuona mto kutoka juu anaona maji na mawe. Mto wa buu huyu ni zile nafasi. Ndani ya kokoto zilizolegea, zisizojaa tope, kuna vyumba na njia zinazoshuka chini ya sakafu ya mto, na humo ndimo anamokulia na kuwindia.

Hapandi juu kuvuta hewa kama buu wa mbu anavyofanya kwenye pipa lako la maji. Anatumia oksijeni iliyoyeyuka majini, inayopita kwenye ngozi yake. Ndiyo maana anayataka maji baridi na yenye kurukaruka. Kwa vipimo vya usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 inaweza kubeba oksijeni kama miligramu 11. Yakifika nyuzi 30, ni miligramu 7 na nusu tu. Mbele ya jua kali, kijito kisicho na kivuli kinapoteza pumzi ya walio ndani yake hata kama hakuna mtu aliyetia tone la sumu.

Sasa tumtazame akiwinda. Rudi kwenye beseni lako, umwache buu pamoja na wale wadudu wenye mikia mitatu, na usitikise maji. Atatulia kwanza. Kisha ataanza kujivuta, kichwa kikitoka na kuingia, kikigusa huku na huku, maana hategemei macho kama mimi na wewe. Akigusa mguu wa mdudu, mambo yanakwenda haraka. Taya zake mbili hazifungui na kufunga kwa pembeni kama za panzi. Zinakwenda juu na chini sambamba, kama ndoana mbili, na zinazama. Ndani ya kila taya kuna mfereji, na sumu inapita humo. Mdudu anarusha miguu, anapiga mikia, anamburuta buu mgongoni. Vikulabu havimwachii. Baada ya muda miguu inalegea, mikia inatulia. Buu anabaki hapohapo, kichwa kimezama, akinyonya maji ya mwilini mwa yule mdudu kama mtu anayemaliza dafu kwa mrija, na anapoachia, kinachobaki ni gamba tupu linaloelea. Nimeona watu wazima, wazazi wenye watoto wao, wakiinamia beseni mpaka vichwa vikagongana wasikose kuona mwisho wake.

Hivyo ndivyo anavyoishi, mwezi baada ya mwezi. Anakula wadudu wachanga, anakula mabuu wa visubi wasiouma, na hamwogopi aliyemzidi ukubwa, kwa kuwa sumu inamalizia pale nguvu inapoishia. Akinenepa mpaka ngozi ikambana anajivua na kuendelea. Katika nchi za baridi safari hii inachukua mwaka mzima, pengine zaidi. Kwa mdudu huo ni umri mrefu. Nakuomba uliweke jambo hilo akilini, tutalirudia.

Mpaka mwaka 1973 nzi hawa walikuwa wanahesabiwa ndani ya jamii nyingine. Aliyewatenga na kuwapa jamii yao wenyewe ni Brian Stuckenberg, mtaalamu wa Jumba la Makumbusho la Natal lililoko Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Yaani jina ambalo leo linatumika Japani, Ujerumani na Brazili kuwaita nzi hawa lilitoka kwenye meza ya kazi katika bara letu, na napenda vijana wetu wanaosoma biolojia walijue hilo. Ndugu zao wa karibu zaidi ni hawa tunaowajua sote kwa maumivu: pange, wale nzi wakubwa wanaomng'ata ng'ombe mpaka damu inachuruzika, na ambao kaskazini mwa Kenya wanawaambukiza ngamia ugonjwa wa sura kwa kuhama na damu mdomoni kutoka mnyama hadi mnyama.

Undugu huo unaonekana utotoni. Buu wa pange naye ana taya za namna ileile zenye mfereji wa sumu, ila yeye ni wa tope la ukingoni, na wengi wao wanapumua kwa bomba lililoko nyuma ya mwili. Huko Japani wakulima wa mpunga wamekuwa waking'atwa miguu na mabuu hawa wakiwa wamezama topeni. Na mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliandika katika jarida la Science jambo walilolishuhudia Arizona: mabuu wa pange wamejificha kwenye tope la bwawa, vyura wadogo wanatoka majini wakipita juu yao, na buu anamdaka chura, anamvuta chini, anamnyonya. Tumezoea chura kumla nzi. Pale ikawa kinyume chake.

Kuna mwindaji mwingine wa majini ambaye siwezi kumpita bila kumtaja, ingawa si wa jamii hii. Ni Limnophora, wa ukoo uleule wa nzi wa nyumbani. Buu wake anakaa kwenye kuvu za maporomoko madogo, na chakula anachojulikana nacho ni mabuu wa usubi. Hapo, msikilizaji wa Mahenge, wa Tukuyu, wa bonde la Uluguru, najua umetega sikio. Usubi huyu mweusi ndiye anayeeneza upofu wa mtoni. Mabuu wake wanajibandika kwenye mawe ya maji ya kasi na kuchuja chakula kinachopita. Wanaozaliwa ni wengi mno, na si wote wanaofika kupata mbawa, kwa sababu humo mtoni kuna wanaowala: samaki, wadudu wengine, na mabuu wa nzi wenzao.

Sisemi kwamba wawindaji hawa peke yao wanaweza kuumaliza ugonjwa. Hawawezi, na atakayekuahidi hivyo anakudanganya. Kule Nyanza, Kenya, watu walikuwa wanapofuka kwa vijiji, na kilichomaliza usubi wa huko ilikuwa dawa ya DDT iliyotiwa mitoni katika miaka ya 1940 na 1950. Ilikuwa kazi ya akili na ya jasho. Usubi wa huko, Simulium neavei, ulikuwa umewasumbua wataalamu kwa sababu mabuu wake hawakuonekana kwenye mawe wala kwenye majani; mwishowe wakagundulika wamejibandika juu ya kaa wa mtoni. J. P. McMahon na wenzake wakatangaza mwaka 1958 kwamba usubi ule umetokomezwa. Mimi sithubutu kuilaumu kazi ile. Mtoto aliyekuwa akimshika babu yake fimbo ili amwongoze njia hakuwa na nafasi ya kusubiri mto upone taratibu. Lakini DDT haichagui. Inamuua usubi na inamuua anayemla usubi. Ndiyo maana leo, tunapokuwa na dawa za kumeza zinazogawiwa kijiji kwa kijiji, hatuna udhuru wa kuua mto mzima kwa uzembe tu wa jembe na wa chupa za viuatilifu.

Turudi kwa buu wetu, maana hajamaliza safari. Alikuwa amekaa majini karibu maisha yake yote, na sasa amekomaa. Wakati huo anafanya jambo ambalo ungelidhani ni la kujiua: anatoka majini. Anatambaa hadi ukingoni, anaingia kwenye udongo wenye unyevu, chini ya kuvu, chini ya gogo linalooza, chini ya jiwe lililo nusu majini nusu nchi kavu. Hapo anajivua ngozi ya mwisho ya ubuu na kuwa pupa. Hali, haendi, hajitetei. Ndani ya gamba lile mwili wa mwindaji unavunjwa na kuundwa upya: viguu vya vikulabu vinatoweka, mbawa zinatokea, macho makubwa yanatokea. Kuku akiparua pale, amekwisha. Ng'ombe akikanyaga, amekwisha. Jembe likipita, amekwisha. Baada ya siku hizo za hatari gamba linapasuka mgongoni na anatoka nzi mwembamba kiasi, aghalabu mwenye mabaka kwenye mbawa, anakauka, anaruka kwenda kwenye majani ya ukingoni. Katika Suragina wamo majike wa spishi kadhaa wanaonyonya damu ya mifugo na hata ya watu, silifichi hilo. Kisha wanakutana dume na jike, na jike anaanza kutafuta tawi.

Hesabu sasa mahali alipopita. Tawi juu ya maji, nafasi kati ya mawe, udongo wa ukingo usiosumbuliwa, kisha tena majani ya ukingoni. Yote hayo yako ndani ya hatua chache, na kila moja limemlea kwa kipindi chake. Toa moja tu, hayo mengine hayamsaidii. Unaweza kuwa na maji safi kabisa, ya kunywa bila kuchemsha, na bado ukampoteza kwa sababu umekata miti iliyoinama. Unaweza kuwa na miti yote na ukampoteza kwa sababu udongo wa shamba la juu umejaza nafasi za kati ya kokoto. Unaweza kuwa na miti na kokoto, na ukampoteza kwa sababu ukingo umegeuzwa kuwa bustani ya mchicha.

Hii ndiyo hoja yangu, na ningependa wanaosimamia maji waisikie: mto hauishii pale maji yanapoishia. Sisi tunazungumzia chanzo cha maji kana kwamba ni bomba. Tunauliza maji yanatosha? Yana vijidudu? Ni maswali ya lazima. Lakini kipimo cha maabara kinakuambia hali ya maji ya dakika uliyojaza chupa. Mtu anaweza kuosha bomba la kunyunyizia dawa mtoni leo asubuhi, wewe ukaja kupima keshokutwa ukakuta maji safi. Buu aliyekaa humo miezi mingi hadanganyiki. Kama yupo, basi miezi yote hiyo hapakupita sumu ya kumuua, wala tope la kumziba, wala joto la kumkosesha pumzi.

Wenzetu wa Afrika Kusini wameligeuza jambo hilo kuwa kipimo rasmi. Wana mfumo wanaouita SASS, toleo lake la tano lilitoka mwaka 2002, ambao unapima afya ya mto kwa kuwachota viumbe wadogo kwa wavu na kuwapa alama kuanzia 1 hadi 15. Anayevumilia uchafu anapewa alama ndogo, asiyevumilia anapewa kubwa. Mabuu wa mbu wana alama 1. Mabuu wa visubi wasiouma, wale wekundu wanaostahimili hata maji ya mtaroni, wana 2. Mabuu wa pange wana 5. Buu wetu wa Athericidae ana 10. Wote hao ni nzi, na bado tofauti kati yao ni kama tofauti ya mtaro na chemchemi. Tanzania nayo ina mfumo wake wa namna hiyo, TARISS, uliotokana na utafiti wa mito ya humu humu nchini na kuchapishwa mwaka 2015. Kwa hiyo elimu tunayo. Tunachokosa ni kuishusha kutoka kwenye majarida hadi kwenye kamati za maji za vijiji, ambako uamuzi wa kukata au kutokata mti unafanyika kila siku.

Na gharama yake ni ndogo mno. Wavu unaweza kushonwa kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Beseni jeupe lipo kila nyumba. Mwalimu wa sayansi wa darasa la sita anaweza kuwapeleka wanafunzi wake mtoni mara moja kila muhula, wakageuza mawe, wakahesabu walichokiona, wakaandika kwenye daftari moja linalotunzwa shuleni. Baada ya miaka mitano daftari lile lina thamani kubwa kwa bonde zima. Sharti moja tu: mawe yarudishwe yalivyokuwa, na viumbe warudishwe mtoni.

Sasa nizungumze na mkulima, maana yeye ndiye mwenye ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au bwawa la maji. Sheria hiyo inajulikana kwa jina kuliko inavyojulikana kwa vitendo. Mara nyingi mkulima anaikuta siku ya kung'olewa mahindi yake, hajawahi kuelezwa mita hizo ni za nini. Nenda Iringa na Njombe wakati wa kiangazi ukaone vinyungu, zile bustani za mabondeni. Ndivyo vinavyolisha nyumba pale vihenge vinapokuwa vitupu, na ndivyo vinavyosomesha watoto. Ukimwambia mama mwenye kinyungu aache mita 60 kwa ajili ya maji, anauliza maji yamepungukiwa nini, mbona yanapita palepale? Hana jibu kwa sababu hatukumpa. Jibu ni kwamba maji yanayopita kati ya kingo zilizo wazi yana joto, yana tope, yanafurika mvua ikinyesha na kukauka mvua ikikatika. Na viumbe waliokuwa wakiyasafisha na kuwapunguza usubi hawana tena pa kutagia wala pa kujificha.

Nawaomba viongozi wa vijiji, kabla ya kwenda na mgambo, waende na kamba na miche. Pimeni pamoja na wenye mashamba. Aliye na robo eka tu asaidiwe kupata kipande kingine au mazao ya miti yatakayomrudishia hasara yake, kwa sababu faida ya ukingo wake inakwenda kwa watu wa chini ambao hawamjui. Mikaratusi isipandwe pale. Inakunywa sana na matawi yake yanasimama wima kuelekea juu. Pandeni mizambarau ya porini, mikuyu na miti mingine ya asili ya bonde lenu, ile ambayo wazee wanajua ilikuwapo. Msafishe kokwa za kahawa mbali na kijito, na maji ya kumenyea yapitie shimoni kwanza. Ng'ombe watengenezewe mahali pamoja pa kunywea, au hori, badala ya kuteremka ukingo mzima wakiukanyagakanyaga. Mabomba ya dawa yaoshwe shambani, kamwe si mtoni.

Nawe msikilizaji mwenye kipande cha ardhi kando ya maji, usingoje mkutano wa kijiji. Mvua za kwanza zikianguka, panda mstari mmoja wa miti ya asili mahali palipo karibu zaidi na mkondo. Na ule mti ambao tayari umeinamia mto, hata kama unakuzuia jua la mahindi, tafadhali usiupige panga.